Mama wa Kevin: filamu ngumu na swali la nani alaumiwe

Mtoto akifaulu ni wa baba, akiharibika ni wa mama. Maneno haya utayasikia sokoni Kilwa Masoko, utayasikia Mchinga, utayasikia hata kwenye jumuiya ndogondogo za hapa Lindi mjini, na mara nyingi anayeyasema huyasema kwa kucheka. Anayeambiwa hacheki. Makala hii inahusu filamu iliyotengenezwa mbali kabisa na pwani yetu, lakini imeyachukua maneno hayo hayo na kuyafuata mpaka mahali ambapo hakuna tena anayeweza kucheka.

Filamu inaitwa We Need to Talk About Kevin, yaani inabidi tuzungumze kuhusu Kevin. Iliongozwa na Lynne Ramsay, mwanamke wa Scotland, na ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2011. Imetokana na riwaya ya jina hilohilo ya mwandishi wa Kimarekani Lionel Shriver iliyotoka mwaka 2003, miaka minne baada ya vijana wawili kuwaua wenzao katika shule ya Columbine huko Marekani. Tilda Swinton anaigiza mama, Ezra Miller anaigiza kijana, na John C. Reilly anaigiza baba. Niseme mapema kwamba hii si filamu ya kuwaonesha watoto wa Utoto Mtakatifu. Uingereza iliruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na hapo pia ni kwa kujikaza. Nitaeleza kisa chote mpaka mwisho. Asiyependa kuambiwa mwisho aitazame kwanza kisha arudi, ingawa filamu yenyewe haifichi sana. Tangu dakika za mwanzo mtazamaji anajua kwamba kuna jambo baya limeshatokea.

Eva alikuwa mwandishi wa vitabu vya safari, mwanamke wa kupanda ndege leo na kesho. Anashika mimba, na tangu siku za mwanzo tunaona uso usio na furaha katikati ya wajawazito wengine wanaotabasamu. Mtoto anazaliwa na kulia. Analia kutwa, mpaka siku moja Eva anakisimamisha kigari cha mtoto kando ya mafundi wanaovunja lami kwa mashine, ili kelele ya mashine izime kilio. Uso wake hapo unapumzika kwa mara ya kwanza. Baba akirudi jioni, mtoto ananyamaza mikononi mwake. Kevin anachelewa kusema, na daktari hakuti ugonjwa. Anavaa nepi mpaka umri wa kwenda shule, na Eva anaamini anafanya makusudi. Siku moja anajichafua tena mara tu baada ya kubadilishwa, mama anamshika kwa hasira na kumtupa, na mkono unavunjika. Kevin anamwambia baba yake kwamba alianguka mwenyewe. Tangu siku hiyo mtoto ana siri ya mama yake mfukoni, na anajua thamani yake.

Anazaliwa binti, Celia, mpole na mwenye kuamini kila mtu. Kuna mnyama wake mdogo wa kufugwa anayekutwa ameharibiwa ndani ya sinki la jikoni. Kuna dawa ya kuzibulia sinki, na Celia anapoteza jicho moja. Mama ana hakika ni Kevin. Baba, Franklin, anamwona mke wake kama anayeumwa, kwa kumchukia mtoto wake mwenyewe. Franklin ndiye aliyempa kijana upinde na mishale, kwanza wa kuchezea, baadaye wa kweli. Siku chache kabla ya kutimiza miaka 16, Kevin anafunga milango ya ukumbi wa michezo wa shule kwa kufuli za baiskeli na kuwapiga wenzake mishale. Eva anarudi nyumbani kumtafuta mumewe, na anamkuta uani pamoja na Celia, wote wamekwisha kuuawa.

Hicho ndicho kisa. Lakini ukikisimulia kwa mpangilio kama nilivyofanya, unakipotosha kidogo, kwa sababu filamu haikisimulii hivyo. Inaanza na Eva akiwa peke yake, baada ya yote, katika kijumba ambacho majirani wamekimwagia rangi nyekundu ukutani na kwenye gari. Anaisugua rangi hiyo siku nyingi, na anapoisugua kumbukumbu zinakuja bila utaratibu: sikukuu ya kurushiana nyanya kule Hispania alipokuwa msichana huru, kilio cha mtoto, chumba alichokipamba kwa ramani za dunia na Kevin akakichafua kwa wino, kisha tena leo, kisha tena zamani. Wekundu unapita kote: nyanya, rangi, jemu ya mkate, damu. Waliozoea kibanda umiza, ambako DJ anatutafsiria na kutuchekesha kwa wakati mmoja, wataiona filamu hii ngumu kwa kuwa hakuna mengi ya kutafsiri. Maneno ni machache. Inabidi uangalie mikono na nyuso.

Kwa nini mpangilio huo ni muhimu? Kwa sababu kila tunachokiona kimepita ndani ya kichwa cha Eva. Hapa ndipo filamu ya namna hii, inayoingia ndani ya nafsi ya mtu badala ya kufuata matukio ya nje, inahitaji mtazamaji mwangalifu. Wapo wanaotoka wakisema Kevin alizaliwa shetani. Lakini nani ametuambia? Ni mama aliyefiwa, aliyeachwa, anayetukanwa njiani, anayerudi nyuma katika kumbukumbu zake akitafuta dalili. Mtu aliyeumizwa akitazama nyuma huona dalili kila mahali. Je, yule mtoto mchanga alimtazama kwa chuki kweli, au ni Eva wa leo anayemtazama mtoto wa jana? Ramsay hajibu. Anatuonesha Eva akitumbukiza uso wake kwenye maji na uso ule kugeuka wa Kevin. Anatuonesha kijana akiziuma kucha zake na kupanga vipande mezani, kisha anatuonesha mama akiyatoa maganda ya yai mdomoni na kuyapanga vilevile kando ya sahani. Wamefanana. Hilo ndilo linalomtesa mama zaidi ya yote: anamjua mtoto wake kuliko baba anavyomjua, kwa sababu anajijua mwenyewe.

Jina la mama si la bahati mbaya, nadhani. Eva. Mama wa kwanza katika Maandiko ndiye pia mama wa muuaji wa kwanza, na ndiye mama wa aliyeuawa. Sura ya nne ya Mwanzo inatuambia Mungu alimwambia nini Kaini, na Kaini alijibu nini. Eva anapata mstari mmoja tu mwishoni, anapomzaa Seti na kusema Mungu amempa mwingine mahali pa Abeli. Kati ya mauaji na mstari ule, mama hasikiki. Filamu hii inakaa humo, katika ule ukimya.

Sasa tuje kwenye swali la lawama, maana ndilo lililonifanya niichague filamu hii kwa wasomaji wetu. Elimu ya nafsi yenyewe ilipitia kipindi kirefu cha kuwabebesha akina mama kila kitu. Katikati ya karne ya 20, huko Marekani, watoto wenye usonji walisemekana kuwa hivyo kwa sababu ya mama wenye mioyo ya barafu. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima chenye mwelekeo huo mwaka 1967, na kikasomwa sana. Wazazi wengi waliishi na hatia hiyo mpaka utafiti ulipoonesha kwamba usonji una mizizi katika ukuaji wa ubongo na urithi, na kwamba ubaridi wa mama haukuwa chanzo. Mwingereza Donald Winnicott, daktari wa watoto, alikuwa na busara zaidi. Mwaka 1949 aliandika wazi kwamba mama wa kawaida, mwema, ana nyakati za kumchukia mtoto wake, na kwamba hatari haimo katika kuihisi hali hiyo bali katika kulazimika kuificha. Mtoto, kwa maoni yake, anahitaji mama anayetosha. Hakudai mama asiye na dosari.

Eva hakuwa na mtu wa kumwambia. Daktari anasema mtoto ni mzima. Mume anasema ni mtoto wa kiume tu, watoto wa kiume ndivyo walivyo. Wazazi wake hawaonekani. Hana dada, hana shangazi, hana jirani wa kuingia bila kubisha hodi. Mtazamaji wa Lindi, nadhani, atagundua jambo hili haraka kuliko mtazamaji wa London: hii nyumba haina watu. Kuna bustani, gari mbili, jiko pana, na mwanamke mmoja na mtoto mmoja wakitazamana saa kumi kwa siku.

Katika jamii zetu nyingi za kusini, kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Kijana akikorofisha, swali halikuwa mama yake amemleaje. Swali lilikuwa mjomba wake yuko wapi. Aliitwa, alikaa na mpwa wake, alimpeleka jando, alilipa faini, na akishindwa aibu ilikuwa yake na ya ukoo. Sisemi tuyarudishe yote yale. Mamlaka ya mjomba yaliweza kutumiwa vibaya, na baba aliweza kubaki kama mgeni kwa watoto aliowazaa. Dini zote mbili za pwani hii, shule, na kazi za mshahara vimempa baba nafasi yake, na hilo ni jema. Ila angalieni kilichotokea: tumempunguzia mjomba mzigo, baba wengi hawajaupokea, nao umebaki juu ya kichwa cha mama. Baba yuko dago anavua miezi miwili, au yuko Dar, au yupo nyumbani lakini kama Franklin, anamwona kijana jioni tu akiwa na uso wa jioni. Mama anaposema huyu mtoto ananitisha, anaambiwa anamsema vibaya mwanawe.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na katekista anayeyatumia kufundisha wazazi vijana hajakosea. Lakini yakigeuzwa kuwa kanuni ya kumhukumu mama baada ya tukio, yanakuwa kitu kingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakemea watu wa wakati wake waliokuwa na methali ya namna hiyohiyo juu ya baba na wana, akasema kila mtu atabeba kosa lake. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, tunajua alivyowajibu katika Yohane 9.

Hapa mafrateri wanapaswa kuwa waangalifu pande zote mbili. Eva ana kosa. Alimvunja mkono mtoto, akaukubali uongo uliomfunika. Filamu haimsafishi, nasi tusimsafishe. Katekisimu, katika namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua au hata kuondolewa na ujinga, woga, mazoea, na sababu nyingine za kinafsi au za kijamii. Kupima hilo si kazi nyepesi, na anayelipima kitubioni hupewa dakika chache tu. Siku moja mama atapiga magoti na kusema: Padre, simpendi mtoto wangu. Ukimjibu haraka kwamba ni dhambi, umemfungia mlango kama Franklin. Ukimjibu haraka kwamba si kitu, umemfungia pia. Pengine mtoto yule ana wiki sita, na mama hajalala, hali chakula, analia bila sababu, anahisi angekufa ingekuwa afadhali. Hiyo ni sonona baada ya kujifungua, nayo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanawake 13 kati ya 100 waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20. Anahitaji maondoleo kama anayaomba, na anahitaji pia mtu wa kumsindikiza kituo cha afya, au Sokoine hapa mjini, au Nyangao, ili daktari ampime na aamue kama apelekwe mbele zaidi. Kusindikizwa hasa ndiko kunakokosekana. Kumwambia nenda hospitali ni rahisi.

Na kijana je? Tukiwa wakweli, kijana wa namna ya Kevin akitokea katika kijiji cha wilaya ya Kilwa, hatafikishwa kwa daktari kwanza. Ataambiwa ana jini, au amerogwa, au bangi. Atapelekwa kwa mganga, kisha kwenye maombi, pengine atafungwa kamba. Nasi Wakatoliki tusijitoe. Wapo kati yetu wanaotaka padre amtoe pepo kijana kila anapopiga kelele usiku. Kanisa linasema jambo lililo wazi. Katekisimu namba 1673 inatenganisha ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, na kazi ya kufukuza pepo, na inaagiza uhakika upatikane kwanza; na kwa kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa hakuna padre anayefanya ibada hiyo bila ruhusa ya pekee ya askofu wake. Sala ya kuombea wagonjwa inaruhusiwa kila siku. Haizuii vidonge wala mshauri nasaha.

Tukio moja la filamu linatuhusu sana sisi tunaopita nyumba kwa nyumba. Baada ya msiba, vijana wawili wahubiri wanabisha mlangoni kwa Eva na kumwuliza kama anajua atakakoishi milele. Anawajibu bila kusita kwamba anajua, anakwenda motoni moja kwa moja, na anawaaga kwa adabu. Wengine hucheka hapo. Mimi naona ndipo mahali pa huzuni kuliko pote, kwa sababu mwanamke yule anaamini anachosema na wale vijana hawana swali la pili. Linganisha na tukio jingine: kijana aliyenusurika shuleni, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, anakutana naye njiani. Eva anatetemeka. Kijana anamsalimia, anamwuliza hali, anamweleza juu ya mguu wake na madaktari. Ni mazungumzo ya dakika moja hivi. Hana ujumbe wowote, amemsalimia tu kama mtu.

Wengi watamkumbuka hapa Mtakatifu Monika, na akina mama wa WAWATA wana haki ya kumkumbuka, maana alimlilia Augustino miaka mingi mpaka ubatizo wake kule Milano usiku wa Pasaka mwaka 387. Ningeomba tu tumsimulie mzima. Kuna wakati alikataa kuishi nyumba moja na mwanawe kwa sababu ya uzushi wa Wamani. Mwanawe alimdanganya bandarini Karthago akaondoka usiku na kumwacha akiomba. Alimsumbua askofu mmoja mpaka askofu akachoka. Na ndoa aliyomtafutia mwanawe ilimrudisha Afrika mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi na kumzalia mtoto. Tukimsimulia Monika kama mama aliyesali tu na mambo yakanyooka, mama ambaye mwanawe yuko gerezani leo atahitimisha kwamba yeye hakusali vya kutosha.

Maana Eva hatapata usiku wa Pasaka, walau ndani ya filamu. Anachofanya ni kwenda gerezani. Anakaa mbele ya kijana asiyesema, wiki baada ya wiki, kwa miaka miwili. Katika ziara ya mwisho Kevin anakaribia miaka 18 na kuhamishiwa gereza la watu wazima. Kichwa kimenyolewa, na kwa mara ya kwanza anaonekana anaogopa. Mama anamwuliza kwa nini. Anajibu kwamba zamani alidhani anajua, sasa hana hakika. Wanakumbatiana, na askari anasema muda umekwisha. Nyumbani, tumeshaona, Eva amemwandalia chumba, amekipaka rangi, amezipiga pasi fulana zake.

Kwetu sheria iko tofauti, na inafaa wanaotembelea wafungwa waijue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anayesubiri kesi anapaswa kuwekwa mahabusu ya watoto, na ya karibu nasi iko Mtwara. Anayetiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Kutoka Kilwa Kivinje mpaka Mbeya ni safari ya siku zaidi ya moja kwa basi, na nauli yake kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga haipatikani kwa wiki moja. Parokia yenye kamati ya haki na amani inaweza kuanzia hapo.

Kwa seminari au vikundi vya vijana wakubwa watakaoitazama pamoja, muda wake ni karibu saa mbili na ni vizuri kubaki na nusu saa ya mazungumzo. Ikiwa muda ni mfupi, tazameni tukio la mayai katika supamaketi: Eva anajificha nyuma ya makopo ya supu ya nyanya baada ya kumwona mama wa mmoja wa waliouawa, anarudi kwenye kikapu chake anakuta mayai yote yamevunjwa, na anapofika kwa keshia anasema atayalipia hivyohivyo. Muulizeni kila mmoja angefanya nini kama angekuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni.